Siku moja na albatrosi kusini mwa Cape Town: je, inafaa kumtoa mtu Nairobi?

Boti za kwenda kutazama ndege wa bahari kuu huondoka Simon's Town alfajiri, na mwezi wa Julai giza huwa halijaisha. Nusu saa ya kwanza ni raha tupu. Ghuba ya False Bay ina kinga ya milima, kahawa inatulia kikombeni, na abiria wanapiga picha za sili na mnandi waliojianika maweni. Kisha boti inaipita rasi ya Cape Point, mawimbi marefu yanaanza kuinyanyua, na simu zinarudi mifukoni. Tathmini hii inahusu saa sita au saba zinazofuata, maana ndizo unazolipia.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: ukitaka kumwona albatrosi kwa macho yako bila kupanda meli ya Antaktika, hii ndiyo safari ya kuwekea akiba. Ukitaka kujua kama kazi ya utafiti wa ndege wa bahari inakufaa, safari hiyohiyo itakudanganya, isipokuwa uende na kazi yako mkononi. Huduma inauza kuona. Kazi ni kuhesabu.

Boti huelekea kwenye ukingo wa kina, pale sakafu ya bahari inapoporomoka kutoka kwenye maji ya mita mia chache hadi kilindini, maili za baharini 25 hadi 30 hivi kutoka Cape Point, yaani kilomita 45 hadi 55. Maji baridi yenye virutubisho hupanda hapo, samaki aina ya heki hujaa, na meli kubwa za kukokota nyavu huwafuata. Wavu unapovutwa juu na samaki kutumbuliwa, vichwa na matumbo hurudishwa baharini, na ndege wanajua ratiba hiyo kuliko mabaharia wenyewe. Nahodha mzuri hutumia redio kuuliza meli ziko wapi kabla hajatoka bandarini. Siku isiyo na meli ni nusu siku: utaona ndege, lakini mmoja mmoja, wakikatiza. Nyuma ya meli inayovuta wavu wakati wa baridi ni mamia, pengine maelfu, na huhitaji hata darubini.

Hapo ndipo huduma hii inapolipa kila shilingi. Albatrosi mwoga, yule mkubwa anayeonekana zaidi, hutua maji hatua chache kutoka ubavuni mwa boti. Tazama chini ya bawa lake: ni jeupe, limepigwa ukingo mwembamba mweusi, na pale bawa linapoungana na mwili pana alama ndogo nyeusi kama ya kidole gumba kilichochovywa wino. Alama hiyo ikionekana, umemaliza ubishi. Albatrosi wa nyusi nyeusi ana ukingo mpana zaidi mweusi chini ya bawa, na mtu mzima ana mdomo wa rangi ya chungwa. Wale wa pua ya manjano ni wembamba, mdomo mweusi wenye mstari wa manjano juu. Wa Atlantiki ana kichwa cha kijivu, wa Bahari ya Hindi kichwa chake ni cheupe zaidi. Anayewasumbua wageni wengi ni petreli wa kidevu cheupe, kwa sababu kidevu chenyewe mara nyingi hakionekani. Sahau kidevu, tafuta ndege mweusi-kahawia mwenye mdomo mweupe wa pembe ya ndovu. Petreli wakubwa sana wa aina mbili, wa kaskazini na wa kusini, hutenganishwa kwa ncha ya mdomo tu: nyekundu-kahawia kwa wa kaskazini, kijani kibichi kwa wa kusini. Wakiwa wametulia karibu utaona pia tone la maji likining'inia kwenye mdomo. Hilo ni brini. Ndege hawa hunywa maji ya bahari, na tezi iliyo juu ya macho huchuja chumvi na kuitolea puani.

Msimu si jambo la kubahatisha. Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya wingi, wakati albatrosi na petreli wa visiwa vya kusini wanapopanda kukimbia baridi kali. Ni majira yetu ya pepo za kusi, kwa hiyo hesabu ni rahisi kukumbuka. Kuanzia Oktoba hadi Aprili idadi hupungua, lakini huja wageni wengine, wakiwemo shiawota wa Cory kutoka kaskazini. Anayekwenda mara moja tu maishani aende Julai au Agosti na akubali kutetemeka.

Sasa yanayoharibika, na la kwanza ni upepo. Wakati wa baridi pepo kali za kaskazini-magharibi huja na mvua kutoka Atlantiki. Kiangazi ni zamu ya upepo wa kusini-mashariki. Nahodha huamua jioni ya kuamkia safari, na akisema hapana, ni hapana. Boti nyingi hupangwa Jumamosi huku Jumapili ikiwa akiba. Mkenya anayenunua tiketi ya kufika Ijumaa usiku na kurudi Jumapili jioni anacheza kamari: Jumamosi ikiahirishwa, Jumapili boti itarudi bandarini alasiri wakati yeye anatakiwa kuwa uwanja wa ndege. Fika Alhamisi, ondoka Jumanne. Siku za ziada hazipotei. Pengwini wa Afrika wapo Boulders, mwendo wa miguu kutoka katikati ya Simon's Town, na inafaa kuwaona sasa: mwaka 2024 waliwekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na jozi zinazotaga zimeshuka chini ya 10,000. Upepo uleule wa kaskazini-magharibi unaofuta safari huwasukuma albatrosi karibu na nchi kavu, kwa hiyo siku iliyoahirishwa nenda Kommetjie, kijiji cha pwani ya Atlantiki, na darubini ya miguu mitatu, ujikinge nyuma ya gari, utazame upeo wa bahari. Lambert's Bay, saa tatu hadi nne kwa gari kuelekea kaskazini, ina maelfu ya ganeti, ndege wakubwa weupe wa bahari, wanaotazamwa kutoka kwenye kibanda kilicho karibu nao kabisa. Uliza kwanza kama pamefunguliwa, kwa sababu homa ya mafua ya ndege ikizuka makundi ya viota hufungwa.

La pili ni tumbo. Watu wa Nairobi, waliozoea mita 1,700 juu ya bahari na matatu inayoyumba barabara ya Ngong, hudhani wameiva. Bahari ya Cape Point haijali. Kosa linalorudiwa ni kumeza dawa baada ya kichefuchefu kuanza. Wakati huo tumbo limeshapunguza kazi ya kusukuma chakula na dawa inakaa hapo bila kufyonzwa. Dawa kama Stugeron inamezwa usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi kabla ya kupanda, kwa kipimo atakachokuambia mfamasia, hasa kama una dawa nyingine au mimba. Ijaribu nyumbani wiki moja kabla, maana huwaletea wengine usingizi mzito, na hakuna hasara kama kulala mbele ya albatrosi. Kula kitu kikavu: mkate, biskuti, tangawizi. Tumbo tupu ni baya, na lililojaa chai ya maziwa na mandazi ya mafuta ni baya zaidi. Usikae ndani ya chumba cha boti wala usitazame simu. Simama nje, katikati kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, macho kwenye mstari wa upeo. Omo, yaani mbele ya boti, hurushwa juu na kushuka kama bembea, na tezi kabisa utavuta moshi wa dizeli. Ikikushinda, tapika upande wa demani, upepo unakotoka kwako kwenda nje. Anayekwenda upande wa joshi, upepo unakotokea, atawagawia wenzake.

Kuhusu vifaa, ushauri wa maduka mengi ya Nairobi ni kununua darubini ya 10x42 kwa sababu "inavuta zaidi". Kwa simba wa Maasai Mara, sawa. Kwenye boti inakuza mtikisiko wa mikono pamoja na ndege. Chukua 8x42: uwanja wa kuona ni mpana zaidi, na duara la mwanga linaloingia jichoni ni milimita 5.25 badala ya 4.2, kwa hiyo jicho halipotezi picha kila boti inaporuka. Iwe isiyoingiza maji. Chumvi ikirukia lenzi, usiifute kwa shati. Chembe zake zitakwaruza rangi ya kinga. Mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwanza, kisha kitambaa laini. Kwa kamera, lenzi ya kuvuta hadi milimita 400 na kasi ya 1/2000 ya sekunde inatosha, na lenzi nzito zaidi ya hapo ni mzigo tu. Koti la mvua la wavuvi, zito na lenye kofia, linapatikana mitumba ya Toi au Gikomba kwa bei ambayo Cape Town hutaiota. Likague mishono ya mabega kwa kumwagia maji kabla hujalipa. Ndani vaa nguo tatu nyembamba kuliko sweta moja nene.

Kabla ya kusafiri, zoeza macho kufuata kitu kinachoruka. Mwewe wa mjini wanatosha kwa wiki ya kwanza, kutoka juu ya paa lolote la ghorofa. Wiki ya pili hamia kwa mbayuwayu. Ukiweza kumweka mbayuwayu ndani ya darubini kwa sekunde kumi, petreli hatakutoroka. Korongo wa Uwanja wa Nyayo si zoezi, wale hata mtoto anawafuata.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya mwongozo havitawahi kumwambia Mswahili. Kwenye boti mwelekeo hutajwa kwa saa: omo ni kumi na mbili, ubavu wa kulia ni tatu, tezi ni sita, kushoto ni tisa. Mwongozaji akipaza sauti kwa Kiingereza kwamba ndege yuko "three o'clock", anamaanisha kulia. Sasa wewe umweleze jirani yako kwa Kiswahili: ukitafsiri saa unasema saa tisa, naye akitazama tarakimu ya tisa kwenye uso wa saa anageuka kushoto. Ndege ameshapita. Mkiwa kundi la Wakenya kubalianeni bandarini mtasema kulia, kushoto, omo na tezi, na saa mziache kwa mwongozaji.

Kuchagua boti kunahitaji maswali matano, na jibu la barua pepe linatosha kukuonyesha unashughulika na nani. Uliza abiria ni wangapi kwa kila mwongozaji. Kumi ni vizuri, zaidi ya hapo utaona migongo. Uliza kama mwongozaji ni mtu wa ndege au ni nahodha anayefanya kazi mbili, kwa sababu nahodha hawezi kushika usukani na kukutenganishia petreli. Uliza kama kuna choo. Boti nyingine hazina, na hii si habari ya kupewa baharini. Uliza amana inarudishwa lini ikiahirishwa, na kama inarudishwa kwa fedha au kwa nafasi ya safari nyingine, maana nafasi ya mwezi ujao haimsaidii anayeishi Kasarani. Mwisho uliza kama wanatafuta meli za kukokota nyavu au wanategemea chambo cha mafuta ya samaki peke yake. Chambo huleta petreli wadogo vizuri, lakini hakijazi anga.

Makaratasi ni mepesi kuliko zamani. Tangu 1 Januari 2023 mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa ziara ya hadi siku 90 kwa mwaka. Kinachowakwamisha watu Jomo Kenyatta ni kadi ya manjano: chanjo ya homa ya manjano lazima iwe imepita siku 10, kwa hiyo usiikumbuke wiki ya safari. Amana huombwa kwa randi kupitia mtandao, na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inaweza kulipia. Ukipitia Johannesburg, hesabu saa nne hivi kutoka Nairobi na mbili nyingine hadi Cape Town. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, jambo linalomsaidia anayeamka alfajiri.

Tuje kwa wanaofikiria kuifanya kazi hii. Wanafunzi wengi wa biolojia hurudi kutoka safari ya namna hii wakisema wamepata wito. Walichopata ni picha. Nyuma ya meli ya uvuvi kila ndege amevutwa na chakula, kwa hiyo idadi uliyoiona haisemi lolote kuhusu bahari yenyewe. Mtafiti huhesabu kwenye njia, kabla ya kufika kwenye meli, na hilo unaweza kulijaribu kati ya Cape Point na ukingo wa kina wakati wenzako wanasinzia.

Chagua upande mmoja wa boti, ule usio na mng'aro wa jua. Hesabu ndani ya ukanda wa mita 300 kwa dakika kumi mfululizo, andika mahali kwa GPS mwanzo na mwisho, na tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka na mvuke wa chumvi. Ndege waliokaa majini unawahesabu wote wanaoingia ukandani. Wanaoruka usiwahesabu hivyo: wanakwenda kasi kuliko boti, kwa hiyo ukimwandika kila anayepita utapata wengi kuliko waliopo. Unapiga "picha" ya akilini kila baada ya muda uliopangwa na kuandika walio ukandani wakati huo tu. Anayeifuata boti anaandikwa pembeni au anaachwa kabisa. Na mita 300 ziko wapi? Nyosha mkono ukishika rula wima, sifuri kwenye mstari wa upeo. Kwa mtu ambaye macho yake yako mita 3 juu ya maji na mkono wake una sentimita 65, mpaka wa mita 300 unaangukia kama milimita 6 chini ya upeo. Boti ndogo inayoruka itakukosesha, na mwendo wake ni wa kasi kuliko wa meli za utafiti, lakini lengo hapa ni kujipima. Ukimaliza vipindi vinne, umeloa, umeandika sifuri mara tatu, na bado unataka cha tano, basi endelea kusoma.

Njia kutoka Nairobi si fupi ila ipo. Matembezi ya kutazama ndege ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Taifa kila Jumatano asubuhi ndiyo shule ya bei nafuu kuliko zote. Kuvisha ndege pete ya utambulisho mguuni hujifunzwa kwa mikono, na kambi ya Ngulia huko Tsavo Magharibi, ambayo imekuwa ikivisha pete ndege wahamao tangu 1969, hukutanisha wanafunzi na wakufunzi kila mwisho wa mwaka. Ndege wa Ngulia ni wadogo wa nchi kavu, lakini namna ya kumshika ndege bila kumvunja bawa ni ileile. Takwimu na R, programu ya kompyuta ya kuzichambua, utazihitaji kuliko mashua. Kwa shahada za juu, taasisi ya FitzPatrick ya Chuo Kikuu cha Cape Town, iliyoanzishwa 1960, ndiyo mlango mkubwa barani. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku kwa utafiti wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, na Nature Seychelles hupokea watu wa kujitolea kisiwani Cousin. Utafiti nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha mamlaka za wanyamapori. Omba mapema, msimu wa viota haungoji karatasi.

Kazi yenyewe hupatikana kwa mikataba mifupi, na sehemu kubwa iko kwenye uvuvi. Ukiwa nyuma ya meli, tazama kamba mbili ndefu zenye vitambaa vya rangi zinazopepea tezi. Zinawazuia albatrosi wasigongwe na nyaya za wavu, na katika uvuvi wa heki wa Afrika Kusini zimepunguza vifo vyao kwa zaidi ya asilimia 90. Nyuma ya kamba hizo kuna watu waliokaa wiki nzima kwenye meli za samaki wakihesabu mabawa yanayogonga waya. Hiyo ndiyo ajira. Visiwani nako si pumziko: wanaokwenda kisiwa cha Marion hukaa mwaka mzima na ushee, meli ya kubadilishana zamu huja mara moja kwa mwaka, na kazi mojawapo ni kukagua vifaranga vya albatrosi wanaoliwa hai na panya.

Kabla ya kulipia Cape Town, kipimo cha bei ndogo kipo nyumbani. Kisiwa cha Nyangumi mbele ya Watamu hutagiwa mayai na buabua, ndege wa bahari, kati ya Juni na Oktoba. Huruhusiwi kupanda kisiwani, na unalipia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, kwa sababu kimo ndani ya hifadhi ya bahari, lakini boti ya kukodi inaweza kusimama umbali wa kutosha kwa vipindi vinne vya dakika kumi. Dawa ya kichefuchefu meza mapema huko pia. Agosti, nje ya mwamba, pepo za kusi hazina huruma.